Taa ya Nyuma ya Kulia

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula mapanki. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliozaliwa na ziwa mlangoni tunagombania mifupa. Kichwa, uti wa mgongo na mkia, vimekaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Unanyonya, unageuza, unanyonya tena. Aliyejidai siku hizo kwamba yeye hali mapanki, tulimnusa mikono tukacheka.

Mwaka huo ndio alikufa mume wangu, Baba Magesa. Watu wa Mwigobero, soko letu la ufukweni hapa Musoma, wakasema aliyemuua ni fundi. Hakumuua kwa kisu, walisema, kamuua kwa waya. Alimtengenezea indiketa vibaya, mwenzake akakata kona bila kuonekana, lori likampiga. Mimi niliwaacha waseme. Nimewaacha mpaka wengine wamezikwa na maneno hayo mdomoni. Fundi mwenyewe naye ameshazikwa, kule Mwitongo, Butiama. Nataka kueleza alivyokuwa, kwa sababu waliobaki kumjua ni wachache, na hao wachache wanamjua kwa jambo moja tu, tena la uongo.

Ukoo wake sikuuliza na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi, wa injini, wa bodi, wa matairi, lakini ukisema "nakwenda kwa Fundi" kila mtu alijua unakwenda kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya wauza dagaa. Alikuwa fundi wa umeme wa magari. Ukimletea gari lenye ugonjwa wa stata atakutengenezea, lakini kwa kununa. Ugonjwa alioupenda ni wa indiketa. Akisikia indiketa zimekufa, uso wake unafunguka kama wa mtu aliyeletewa habari za kwao.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mabega yamepinda kwa miaka ya kuingiza kichwa chini ya dashibodi. Shingoni alivaaga kipimo chake: balbu ndogo, waya mbili, na msumari mwisho wa waya moja. Mfuko wa shati una kipande cha msasa, siku zote. Hata kanisani, Jumamosi, maana alikuwa Msabato, ukimwangalia vizuri utaona msasa umechungulia nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Dereva akifika haponi bila mahojiano. Nimeyasikia mara nyingi mpaka nimeyashika.

"Shikamoo Fundi. Indiketa imekufa."

"Marahaba. Imekufaje?"

"Imekufa tu, Fundi."

"Hakuna kufa tu. Haiwaki kabisa? Inawaka imetulia, haipepesi? Au inapepesa mbio mbio?"

"Sijaangalia."

"Basi rudi barabarani ukaangalie. Ukirudi mzima tutaongea."

Wauza dagaa tulikuwa tunajifunga kanga upya kwa kucheka. Lakini hakuwa anatania. Kama haiwaki kabisa, mbele na nyuma, alianza kwenye fyuzi. Kama inawaka na kutulia tu kama taa ya chumbani, alitafuta flasha, kile kidude kidogo kinachofanya taa ipepese, kinachosema tik-tak, tik-tak ukikata kona. Kama inapepesa mbio mbio upande mmoja, basi upande huo kuna balbu imeungua na ile iliyobaki inahangaika peke yake. Na kama inawaka kwa unyonge, kama jicho la mgonjwa, hapo ndipo alipokuwa anakaa chini kabisa, anavua kofia, anasema, "Hii ni ethi."

Ethi ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Alinieleza hivi mimi ambaye shule niliishia darasa la nne, na nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mwalimu yeyote. Umeme unatoka kwenye betri unakwenda kwenye taa, lakini lazima urudi. Unarudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Sasa pale taa inaposhikana na chuma pakiingia kutu, umeme unakwenda, unafika, unakosa pa kurudia. Taa inakufa, na balbu ni nzima. Watu wananunua balbu, wanabadilisha, wananunua nyingine, wanamtukana aliyewauzia, na ubaya upo kwenye kutu isiyozidi ukubwa wa kucha.

"Wote mnaangalia umeme unavyokwenda," alikuwaga anasema, anasugua kwa msasa mpaka chuma kinang'aa. "Unavyorudi hamna habari nao."

Na magari yetu ya Mwigobero yalikuwa na kutu kuliko magari yote ya nchi hii. Pikapu yetu sisi ilikuwa ya Kijapani, imeshapita mikononi mwa watu watatu kabla ya kutufikia. Ilibeba dagaa na samaki kwenda Bunda, inarudi na mihogo na mtama. Maji ya samaki yanatiririka kwenye bodi ya nyuma, yanapenya, yanashuka mpaka kwenye nyaya za taa. Kila baada ya mwezi, miezi miwili, tuko kwa Fundi. Ndiyo maana namjua. Nimekaa kwenye kibanda chake kuliko nilivyokaa kwa mawifi zangu.

Alikuwa na namna yake ya kazi ambayo sikuiona kwa fundi mwingine. Yeye anaingia chini ya usukani. Dereva anafukuzwa, anaambiwa akanywe uji. Nyuma ya gari anamweka mtu mwingine, asiyejua kuendesha, amwambie taa inafanyaje. Madereva alikuwa hawaamini. Alisema dereva ana haraka ya kuondoka, kwa hiyo ataona taa inawaka hata pale isipowaka. Alipoletewa pikapu yetu aliniita mimi.

"Mama Magesa, simama nyuma. Kulia!"

"Inakubali!"

"Kushoto!"

"Inakataa!"

"Inakataa kabisa au inazubaa?"

"Inazubaa."

"Usinionee huruma, Mama Magesa. Mimi sili huruma. Sema unachoona."

Nilikuwa sina huruma. Nilikuwa na macho. Ukinipa kanga mbili za doti moja nitakuambia ipi imefuliwa mara moja zaidi. Fundi aliligundua hilo mapema, akawa ananiita hata kwa magari ya watu. Natoka kwenye dagaa zangu na mikono inanuka, nasimama nyuma ya lori la pamba la chama cha ushirika, dereva mwenye tumbo lake ananiangalia kama nimechanganyikiwa, na mimi napiga kelele, "Inakataa!" Basi kama nimesema inakataa, lori haliondoki. Nawaambia wajukuu zangu, kumi na mmoja walio hai na hakuna hata mmoja aliyeshika mkia darasani, hayo macho mmeyarithi kwangu.

Siku moja, Ijumaa, jua linashuka, alikuwa amemaliza gari letu na ana haraka ya kwenda kuoga kabla Sabato haijaingia. Baba Magesa ameshawasha injini. Nikasema, "Fundi, ya kushoto mbele imekonyeza mara moja vibaya." Baba Magesa akanikata jicho. Fundi hakubisha. Akafungua kila kitu upya. Jua likazama nyaya zikiwa nje kama utumbo wa mbuzi, na yeye akaweka bisibisi chini, akanawa mikono, akaenda zake. Hatukumwona mpaka Jumapili asubuhi. Dagaa zetu zililala hapo hapo zikapata wadudu, na mume wangu hakunisemesha siku mbili. Jumapili Fundi alikuta waya imechubuka ndani kabisa. Alinionyesha mimi, hakumwonyesha yeye.

Nikirudi nyuma kwenye miaka ya dhiki, miaka ya unga wa yanga, ule wa njano uliokuwa unanuka gunia, ndipo utaona kichwa chake. Hakukuwa na kitu madukani. Sabuni foleni, sukari foleni, betri za redio hadithi. Flasha hakuna Musoma, hakuna Bunda, Mwanza ukipata umeipata kwa kujuana. Fyuzi alitengeneza kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, huku yeye mwenyewe hajawahi kuvuta. Flasha ilipokufa kabisa, alimfundisha Baba Magesa kuchezesha swichi kwa mkono, juu, chini, juu, chini, ili taa ipepese. "Sasa flasha ni wewe," alimwambia. "Usisinzie."

Kile kioo cha plastiki cha indiketa cha nyuma kilipovunjwa na ng'ombe pale Bunda, alikuja nyumbani kwetu Kigera kwa miguu, akaingia jikoni bila hodi, akasimama mbele ya vyombo vyangu. Akatoa kikombe changu cha plastiki cha rangi ya chungwa, nilichopewa siku ya ndoa yangu.

"Hiki kinafaa."

"Fundi! Hicho ni kikombe changu cha chai!"

"Chai mnakunywa na nini, Mama Magesa? Sukari iko wapi?"

Akakikata kwa kisu cha moto, akakifunga kwenye taa kwa nyaya. Bunda nzima walitujua kwa kikombe. Watoto walikimbia nyuma ya gari, "Mama, tumwagie chai!"

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Maduka yakajaa mpaka barazani. Flasha zikaja zimefungwa kwenye plastiki zinazong'aa, balbu za kila rangi, vioo vya taa vya kila gari. Nilikuwepo siku Fundi aliposhika flasha mpya ya kwanza. Aliinusa. Aliiweka sikioni akaitikisa. Halafu akageuka upande wa ukuta, akakaa hivyo kidogo, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye kapu. Baada ya mwezi ile flasha ilikufa. Ya pili ikafa baada ya wiki mbili. Akawa na mkebe mzima wa flasha zilizokufa. "Zamani tulikosa vitu," alisema. "Sasa tunavyo, na bado tumekosa."

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Mtu wa taa, lakini kwake hakukuwa na taa. Alikula mapema, akalala mapema, hakutaka hata kibatari. Alikuwa mpole kwa waya, akiifungua kama anamvua mtoto nguo, halafu huyo huyo akawatukana wateja mpaka mtu mzima anatokwa machozi. Na magari hakupanda. Maisha yake yote akayatengeneza, na hakuyapanda. Bunda alikwenda kwa baiskeli, mwendo wa siku nzima, na Butiama vilevile. Wauza dagaa walimtania.

"Fundi, unaogopa magari kama mbuzi?"

"Ninyi mnayaona rangi. Mimi nimeyaona tumboni."

Wakati wa ruksa kuna bwana mmoja wa ofisini alileta pikapu mpya, imenyooka, na indiketa moja haiwaki. Akasema haina shida, dereva wake tu ndiye aliyeng'ang'ania iletwe, yeye mwenyewe barabara anazijua. Fundi akamwambia, "Indiketa si ya kwako. Wewe unajua unakokwenda. Ni ya yule aliye nyuma yako." Yule bwana akaona ametukanwa, akaondoka. Sikumwona Fundi akiguswa na wateja waliokwenda. Aliguswa na neno moja tu: kuambiwa kazi yake ni mbovu.

Sasa nisizunguke.

Mwaka huo wa mapanki, Magesa, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa anataka kuoa binti wa Butiama. Wazee wa binti wakapanga kuja Kigera kuona mji atakaoingia mtoto wao. Baba Magesa ndiye wa kwenda kuwachukua kwa pikapu, mama wa binti akae mbele, wazee watatu wakae nyuma kwenye viti. Siku tatu kabla, indiketa ya nyuma kulia ikafa. Tukaenda kwa Fundi. Nikasimama nyuma, kama kawaida. Alikuta ethi imeliwa na kutu yote. Akasugua, akafunga waya mpya, taa ikawaka vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Lakini mpira unaozuia maji usiingie kwenye taa ulikuwa umeoza. Akaagiza mwingine Mwanza, na kwa wakati huo akaziba kwa nta ya mshumaa. Alituita wote wawili, mimi na mume wangu, akatushikisha vidole pale kwenye nta.

"Hii ni ya mvua kidogo tu. Gari msiliingize ziwani mpaka mpira ufike. Mmesikia? Mkiosha, osheni kwa ndoo."

Tulisikia.

Asiye wa kwetu atashangaa, lakini Musoma gari tunaliosha ziwani. Unalirudisha kinyumenyume, maji yanafika kwenye bodi ya nyuma, unapanda na fagio, unasukuma uchafu wote unarudi ulikotoka. Dakika chache gari limetakata. Kwa ndoo utamaliza siku na harufu haitoki. Na pikapu ile ilikuwa imebeba mapanki wiki nzima. Ilinuka mpaka mbwa waliifuata.

Niliwaza wale wazee wa Butiama, watu wa mashamba na ng'ombe, wasiopenda harufu ya samaki hata kwenye sufuria. Niliwaza mama wa binti akishuka mlangoni kwangu amejifunika pua na kanga. Nikamwambia mume wangu apeleke gari ziwani.

"Fundi amekataza," akasema.

"Fundi anaoza mtoto? Au ni mimi?"

"Maji yataingia kwenye taa."

"Ingia ziwani, Baba Magesa. Hao watu hawataniambia nimewapakia kwenye gari la mifupa."

Akaingia. Nilipanda mwenyewe na fagio. Maji yalifika juu ya zile taa za nyuma, niliona. Niliona viputo vidogo vinatoka pale kwenye nta, kimoja, kimoja, vinapanda. Nikaendelea kufagia.

Kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka. Jikoni nimeweka nyama, kuna wanawake wanamenya ndizi, mimi ndiye ninayeamuru. Akaita kutoka kwenye gari, "Mama Magesa! Njoo nyuma uniangalizie. Kulia!"

Mikono ilikuwa na unga. Nikajibu kutoka mlangoni, "Inakubali!"

"Kushoto!"

"Inakubali! Nenda, wazee wasikusubiri juani."

Sikutoka mlangoni.

Ilikuwa kwenye njia panda ya kuingia Butiama. Alikata kulia. Nyuma yake lori la pamba lilikuwa limeshaanza kumpita. Lilimkamata mlangoni. Nyuma ya pikapu hakukuguswa, hata kioo cha taa hakikupasuka. Dereva wa lori alilia mbele ya watu, akaapa kwa mama yake kwamba hakuona indiketa, na polisi walipojaribu, kweli, ya nyuma kulia ilikuwa haiwaki. Wakauliza nani katengeneza gari hili. Wakatajiwa.

Hawakumfunga. Hawakuwa na la kumfungia. Lakini kuna kufungwa kwa namna nyingine. Msibani alikuja, kwa miguu, akakaa na wanaume, na wanaume wakasogea. Chakula kilipopita, sahani ilimruka. Niliona, nimekaa kwenye mkeka wangu na kichwa kimefungwa, niliona vizuri sana. Siku ya tatu alisogea mpaka nilipokuwa, akachuchumaa mbali kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Magesa, mlipeleka gari ziwani?"

Nikasema, "Hapana."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Huo ndio ubaya wake, aliniamini kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwambia taa inawaka kama haiwaki.

Wateja wakamkimbia. Wanawake wenzangu wa Mwigobero wakipita kibandani walitema mate, halafu wananiangalia kama wamenifanyia wema. Nikifungua mdomo ningesema nini? Kwamba nimemuua baba wa watoto wangu kwa ajili ya harufu? Magesa alioa mwaka uliofuata, binti huyo huyo, na mama mkwe wake mpaka leo ananipa pole kwa sababu ya fundi mbaya. Nikaipokea pole. Nimeipokea miaka yote.

Fundi akavunja kibanda, akahamia Bunda. Nilimwona huko mara moja, ameketi nje ya duka la watu anatengeneza tochi. Tochi! Aliponiona alisimama, na mimi nikapita upande wa pili wa barabara. Akatuma watu kwangu mara mbili. Ujumbe ni ule ule: anaomba aje aifungue ile taa aone kosa lake. Kwa maana pikapu polisi walinirudishia, ikavutwa mpaka Kigera, na ipo nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mara zote mbili nilijibu kwamba nimesafiri, na huyo aliyetumwa ananiona nimesimama mbele yake.

Ile taa hata bila kuifungua inasema. Ukiinama, ndani ya kioo utaona mstari wa tope umekauka, umenyooka kama mstari wa chai kwenye kikombe, na chini yake mchanga, na kwenye mchanga vipande vya konokono wa ziwani. Nimeifunika na gunia. Wajukuu wanajua mahali pale hapachezewi.

Alikuja mwenyewe mara ya mwisho miaka mingi baadaye, mchana, wakati wa jua kali. Nilisikia hodi, nikatoka, nikaona mzee ameshika fimbo na mkoba wa kitambaa. Sikumtambua mpaka nilipoona kipimo shingoni. Macho yake yalikuwa na ukungu, yote mawili. Kutoka Mwitongo, alikokuwa anaishi kwa dada yake, mpaka Kigera, alikuja kwa miguu, amelala njiani kwa watu. Bado hakupanda gari.

Nilimkaribisha. Nilimpa kiti, nikaweka chai mbele yake, nikatia sukari nyingi bila kumuuliza. Akauliza wajukuu nikamwambia. Akacheka kidogo niliposema mmoja anasomea umeme. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Mama Magesa, ninaumwa. Daktari ameshaniambia. Sijaja kuomba msamaha, maana sijui kama nina kosa. Miaka yote hii ninaifunga ile ethi. Nikilala naifunga. Nasugua, nafunga, nakaza, na siioni nilipokosea. Labda sikukaza. Naomba unipeleke kwenye gari. Nina bisibisi. Macho yameondoka lakini vidole bado vipo. Ni skrubu mbili tu. Nikikuta waya imelegea, nitajua ni mimi, nitakwenda nalo. Nikikuta haijalegea, nitakwenda nalo pia."

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya nyumba. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa safi, kucha zimekatwa, kama mtu aliyejiandaa kwenda kanisani. Nilijua vidole hivyo vikiingia mle havitahitaji kuambiwa kitu. Vitagusa mchanga. Vitajua.

Nikasema, "Hiyo taa haifunguliwi. Kunywa chai, uende."

Aligeuza uso kidogo upande ule ambako sauti yangu ilitoka, akitafuta mahali nilipo, na machozi hayakuwepo, afadhali yangekuwepo.

"Basi usinipeleke mimi," akasema. "Nenda wewe. Mimi nitakaa hapa hapa kwenye kiti. Fungua mwenyewe, uangalie, uje uniambie. Nitalikubali neno lako, Mama Magesa. Lolote utakalosema nitalikubali."

Aliitoa bisibisi kwenye mkoba, akainyoosha hewani kwangu, mpini ukiwa mbele.

Nikasema, "Hiyo taa haifunguliwi. Kunywa chai, uende."